Daftari la Nne la Ubatizo

Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, Edinah alifungua kabati la ofisi ya parokia ya Gesima ili amwandikie mkwe mtarajiwa cheti cha ubatizo. Akakuta pengo. Madaftari ya ubatizo yalikuwa saba. Sasa yalikuwa sita. La nne, la 1989 hadi 1996, halikuwepo. Kufuli lilikuwa zima.

Edinah alikuwa karani wa parokia. Jumamosi binti yake, Sharon, angefunga ndoa na Gibson, fundi stima aliyebatizwa hapo akiwa mchanga kabla ya kwao kuhamia Kericho.

Padre Onchiri alikuja juu. "Ufunguo wa pili anao katekista. Lisipopatikana kufikia Jumatano, aache kazi."

Mogaka, katekista kwa miaka ishirini na miwili, alikaa kwenye benchi akikunjakunja kofia yake.

"Tata," Edinah alimwita kwa heshima, kama baba, "jana ulimfungulia nani?"

"Bonareri, yule mama wa sokoni, alichukua vitambaa vya altare kabatini. Na Gibson, alibadilisha swichi. Nilimwacha dakika kumi hivi, kabati likiwa bado wazi."

Edinah alimfuata Bonareri sokoni. "Ulitaka tarehe ya kuzaliwa ya mwanao ibadilishwe, tukakataa. Daftari liko wapi?"

"Mama Sharon, una wazimu? Mwanangu yumo daftari la sita. La nne nilifanyie nini, niwashie moto?"

Edinah akageuka kurudi ofisini. Mama huyo alisema kweli.

Saa saba Gibson akaingia ofisini. "Pole, mama. Nimesikia daftari limepotea. Lakini cheti kisikusumbue, nimeleta hati ya kiapo kutoka kwa wakili."

Edinah aliisoma polepole. Gibson aliapa kwamba daftari lenye jina lake limepotea. Muhuri ulikuwa wa Ijumaa iliyopita. Na Jumamosi, Edinah mwenyewe alikuwa amenakili cheti cha mzee Onyiego kutoka daftari hilohilo.

"Asante, mwanangu," alisema. Gibson alipotoka tu, akapiga simu Kericho, kwa karani wa parokia ambako Gibson alikuwa akisali.

Jumanne saa kumi jioni, aliwaita Padre, Mogaka, Gibson na Sharon ofisini. Aliweka hati mezani.

"Gibson, Ijumaa ulijuaje kwamba daftari litapotea Jumapili?"

Gibson aliinamia tarehe kwenye muhuri.

"Basi nitakusaidia. Mkatoliki akifunga ndoa popote, parokia hiyo hutuma taarifa alikobatizwa, ikaandikwa pembeni ya jina lake. Yako ilitumwa hapa 2019, kabla sijawa karani. Karani wa Kericho amenisomea jina la mkeo."

"Tuliachana, mama! Aliondoka mwenyewe!"

"Si ungesema? Dayosisi ina mahakama ya ndoa, kesi za kubatilisha ndoa husikilizwa. Wewe ukaona heri mzee wa watu afukuzwe. Daftari liko wapi?"

"Dukani kwangu, Keumbu. Kwenye kasha la nyaya."

Padre alimshika Mogaka mikono yote miwili. "Nisamehe, Baba Katekista. Nilikuhukumu haraka."

Mogaka alivaa kofia yake, kisha akashusha pumzi ndefu.

Edinah alimgeukia Sharon, akijiandaa kwa kilio. Sharon alikuwa amekwisha kuvua pete ya uchumba na kuiweka juu ya ile hati.

"Mama, yule wa mahema ya harusi bado hajapakia, sivyo? Mpigie sasa hivi, asilete."

Edinah alicheka hadi akalazimika kuketi.