Samli ya Bibi Ng'washi

Kadi ya grafiki ikipewa kazi nzito hupanda joto. Hilo hata fundi mwanagenzi analijua. Ile iliyokuwa mezani kwa Salu, fundi kompyuta wa Bariadi, ilishuka. Sabini na nane, sitini, hamsini. Ikatulia thelathini na saba, joto la mwili wa mtu.

"Maua, njoo uone," alimwita mkewe. "Samli imeishinda krimu ya dukani."

Ndiyo, samli. Krimu ya kupaka kati ya chipu na bati la kupozea ilikuwa imemwishia, na mteja anakuja saa nane. Mtu mzima, badala ya kusema imeisha, akachota kwenye kibuyu alichokiacha Bibi Ng'washi, bibi wa Maua, kwa ajili ya tambiko la mizimu. Akapaka kwa kidole, akakilamba kidole kama tunavyolamba samli sote, akawasha jaribio.

Maua hakuja. Alikuwa ameketi kwenye kreti la soda akitetemeka, na duka lote lilinuka ngozi inayoungua. Salu alimgusa shingo, akautoa mkono upesi. Joto la kadi lilikuwa limepata pa kwenda.

Akachomoa waya wa umeme. Feni za kadi hazikusimama.

Malengelenge yalimvimba Maua mikononi, yakapasuka. Akamrukia mumewe, akamng'ata bega mpaka meno yakagonga mfupa, na kooni mwake ikatoka sauti ya mzee wa kiume: "Nani kanipaka kwenye bati?"

Salu alijiburuta hadi kwenye simu, akampigia Bibi Ng'washi kule Lagangabilili.

"Bibi, mzimu wa kibuyu amemwingia Maua," alinong'ona.

"Umegusa samli yangu?"

"Nimegusa. Nisamehe."

"Ifute yote. Kwa kidole kilekile."

Akaling'oa bati huku feni zake zikivuma, akapeleka kidole, na mapanga ya feni yakamchana, yakang'oa ukucha, yakarusha damu ukutani, naye akaendelea kufuta, akilia, akimwita Maua, akifuta tena, mpaka chipu ikabaki kavu na feni zikasimama zenyewe. Maua alianguka sakafuni. Shingo yake ilikuwa imepoa.

"Anapumua, bibi. Ametoka."

Bibi akauliza:

"Mjukuu wangu, ulipomaliza kupaka, kidole ulikifutia wapi?"

Salu alijigusa mdomo. Ulimini bado alikuwa na ladha ya samli, nayo ilikuwa inaanza kuchemka.