Vidonge vya Karatasi ya Daftari

Kila asubuhi Njiti aliosha vyombo, akafagia sebule, kisha akaikaza sketi yake ya shule kiunoni kwa pini mbili. Bila pini hizo angefika darasani peke yake, sketi imebaki njiani. Jina la Njiti alipewa na wenzake. "Usikae karibu na jiko, utawaka!" walimtania. Naye alicheka nao, kisha akaenda kulia chooni.

Siku moja aliingia duka la dawa akaomba vidonge vya kunenepesha. Mfamasia alimtazama juu ya miwani.

"Hiyo ni dawa ya homoni, mwanangu. Cheti cha daktari kiko wapi?"

"Sina, mama."

"Basi siuzi. Bila cheti, hata dada yangu wa tumbo moja simuuzii."

Msusi wa mtaani hakuwa na masharti. "Cheti cha nini? Kwani unaolewa?" alicheka, akamfungia vidonge kwenye karatasi ya daftari. "Kimoja asubuhi, kimoja jioni. Na mdomo wako utie kufuli."

Mwezi wa kwanza ulikuwa raha tupu. Pini moja ikaondoka, ya pili ikafuata, na mama akajisifia mapishi yake. Mwezi wa pili, Njiti aliangalia kioo akaona uso usio wake. Mashavu yamevimba kama ya mtu aliyejaza maji mdomoni, macho yamebaki matundu ya vifungo. Akavimwaga vidonge chooni, akadhani kesi imekwisha.

Kumbe ndiyo kwanza imeanza. Siku ya tatu, akiwa mstarini shuleni na wenzake, kichwa kilimzunguka. Akatapika, akaanguka.

Alizindukia zahanati. Mama alikuwa ameushika mkono wake.

"Amemeza dawa gani?" daktari aliuliza.

"Hajameza kitu," mama alijibu. "Mwanangu namjua."

Maneno hayo yalimchoma Njiti kuliko sindano. Alimwogopa mama. Aliogopa kicheko cha darasa zima. Lakini giza lilikuwa likimfunga macho polepole, na hilo aliliogopa zaidi.

"Presha yake inashuka," daktari alisema. "Nikibahatisha, naweza kukosea. Niambie kweli, binti."

"Vidonge vya kunenepa," Njiti alinong'ona.

"Vinaitwaje?"

"Sijui. Nilivitupa." Kisha akakumbuka. "Kimoja kiko kwenye mkebe wa kalamu."

Mama akamwaga begi lote la shule kitandani, akaufungua mkebe. Zikatoka rula, ufutio, soksi moja, na karatasi iliyokunjwa, ndani yake kidonge kimoja cheupe. Daktari akasoma alama yake, akaagiza sindano papo hapo.

Jioni Njiti aliweza kukaa. Daktari akavuta kiti.

"Mwili wako una kiwanda chake cha homoni iliyomo kwenye vidonge hivyo. Ulipouletea za nje, kiwanda kikalala. Ulipoacha ghafla, kilikuwa bado kimelala. Mwenye cheti hupimwa kwanza, huangaliwa, na huachishwa kidogo kidogo. Sasa na wewe tutakuachisha hivyo."

"Na huyo msusi?" mama aliuliza, mikono ya gauni ameshaikunja.

"Wakaguzi wa dawa watamtembelea. Wewe kaa, mama."

Kesho yake, mama na Njiti walisimama mbele ya mfamasia yule yule, wakamsimulia yote. Alikisoma cheti cha daktari mara mbili, akahesabu vidonge, akaandika maelezo kwenye pakiti.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema. "Wewe umesema mapema, shukuru. Ona cheti hiki: kina jina lako, jina la dawa, na jina la mtu atakayejibu ukidhurika. Ndiyo maana nilikataa ombi lako siku ile. Je, karatasi ya msusi iliandikwa nini?"

Njiti alifikiri kidogo.

"Hesabu za kugawanya," alisema. "Na zote zilikuwa zimekosewa."

Mama akacheka, kwa mara ya kwanza tangu jana yake, huku akifuta machozi.