Mshale wa Joto

Mshale wa joto ulipanda tena jioni ile, nami nikaipiga dashibodi kofi. Ndiyo, kofi. Nilikuwa nimechoshwa.

Gari lenyewe ni la marehemu baba, kuukuu, la vyuma vizito. Enzi zake mshale ule ulisimama katikati, kati ya C ya baridi na H ya moto, hautikisiki. Tangu tumzike umeingiwa na wazimu. Fundi wangu, tunayemwita Bado Kidogo kwa sababu hilo ndilo jibu lake kwa kila swali, alibadilisha sensa inayopima joto la maji, akabadilisha mfuniko wa rejeta, mwisho akang'oa thamostati, kile kidude kinachoyazuia maji mpaka injini ipate moto wake.

"Hiki hakina kazi," alisema akikitupa kwenye chuma chakavu. "Maji yazunguke tu, injini ikae baridi."

Baba angegombana naye mpaka usiku. Alikuwa akisema baridi nayo inaua injini. Lakini mimi nilikuwa nimechoka kubishana, nikasema haya, funga twende.

Sasa jioni ile mama alikuwa na homa kali. Alijilaza kiti cha nyuma ndani ya blanketi, nami nilikuwa nampeleka hospitali kwa njia ya mkato, vichaka huku na huku, jua linazama. Siku zote hizo, mshale ukachagua leo. Ulipofika kwenye nyekundu nikasimamisha gari huku nikilaani, nikafungua boneti.

Hakuna mvuke. Nikagusa bomba la rejeta kwa ncha ya kidole, nimejikaza kuungua.

Baridi.

Nikachomoa waya wa sensa. Kwenye magari haya ya zamani, waya ukichomoka mshale unalala kwenye C, hata mimi hilo nalijua. Nikachungulia dirishani.

Mshale ulikuwa palepale kwenye nyekundu... unatetemeka.

Mama akaguna kwa maumivu. Mshale ukapanda. Akatulia, ukashuka kidogo. Akaguna tena...

Ukapanda.

Nywele zilinisimama. Nikabamiza boneti, nikarudi ndani, nikamgusa paji la uso. Alikuwa anawaka.

"Mbishi," alininong'oneza. Ndilo jina analoniita tangu utotoni. "Baba yako anasema uwashe hita."

"Baba gani, mama? Homa hiyo."

"Si huyo hapo mbele?"

Kiti cha mbele cha abiria kilikuwa kitupu. Lakini kilikuwa kimebonyea, kama kinavyobonyea mtu mzito akikalia. Halafu nikaisikia harufu ya mafuta ya nywele ya baba.

Nilitaka kukimbia. Ningekimbia na mama nimwache na nani? Nikawasha hita mpaka mwisho. Injini ilikuwa baridi, lakini upepo uliotoka ulikuwa wa tanuri, ukanichoma uso. Mshale ukaanza kushuka taratibu. Nikaondoa gari.

"Afadhali," mama akasema. Nikageuka, jasho limemtoka, macho yamefunguka. Mshale ulikuwa katikati kabisa. Nikacheka peke yangu kama chizi, nikazima hita.

Mshale ukaendelea kushuka.

Ukapita katikati. Ukaielekea C. Nikaugonga, nikautukana.

"Mama?"

Nikanyoosha mkono nyuma, nikamshika. Vidole vyake vilikuwa kama maji ya mtungi. Hapo ndipo nilipomkumbuka Bado Kidogo na kidude alichokitupa. Hakukuwa tena na kitu cha kuizuia baridi.

Kiti cha mbele kikalia... nyaa. Kama mtu ameinama mbele. Kisha pumzi ya sikioni, sauti ninayoijua:

"Ziba rejeta."

Sikuuliza. Nilisimamisha gari, nikamfunua mama, nikalibana blanketi mbele ya rejeta upepo usipite, nikalifunga kwa mkanda wangu wa suruali. Niliporudi, mshale ulikuwa umeacha kushuka. Ukatikisika, ukapanda kidogo kidogo mpaka katikati. Mama akavuta pumzi ndefu, akauliza nani kamchukulia blanketi lake.

Nikalia waziwazi, na sioni haya.

Uwanjani mwa hospitali nilizima gari, kama mtu yeyote angefanya. Wauguzi walikuwa wameshamweka mama kwenye machela. Mshale ukaanguka kwenye C.

"Hapumui!" mmoja akapiga kelele.

Nikaliwasha gari. Mshale ukarudi katikati, mama naye akakohoa. Daktari alisema labda ulimi ulirudi nyuma, hutokea. Nilipompigia Bado Kidogo simu, naye alikuwa na lake.

"Ukizima gari mshale lazima ushuke, kaka. Ni umeme tu huo."

"Waya nimeuchomoa!"

"Basi umegusa bodi mahali."

"Lete thamostati. Na petroli. Sasa hivi!"

Amesema yuko njiani. Simwamini.

Mama amelazwa wodi ya juu. Wanasema anaendelea vizuri, kesho huenda akaruhusiwa. Mimi nimekaa kwenye usukani, injini inanguruma, harufu ya mafuta ya nywele imejaa ndani, na upande wa pili sitazami. Mlinzi amekuja tena kugonga kioo.

"Bosi, zima gari. Wagonjwa wanataka kupumzika."

"Siwezi."

"Kwa nini usiweze?"

Nimweleze nini? Nimemwomba anitafutie petroli, kopo moja tu. Ameniangalia kama mlevi, akaenda zake kumwita mkubwa wake.

Mshale wa joto uko katikati, umetulia. Ninaoutazama sasa ni ule mwingine, wa mafuta. Huo haujawahi kunidanganya, na umelala chini kabisa.

Injini imekohoa.

Juu, kwenye dirisha la wodi lililo wazi, nimemsikia mama naye akikohoa.