Nilimsamehe Nani Magharibi Ile

Mama kanituma nikaanue karafuu kwenye jamvi, umande usije ukazilowesha. Magharibi hiyo, hapa kwetu Wawi, adhana ndo imekwisha. Mikono inazoa karafuu, kichwa kinamuwaza Jaribu. Tumekua pamoja, tunaimba naye kwaya kwenye kakanisa ketu. Alijua nampenda Mwanawema. Akaenda kumposa yeye. Jumapili wamekaa benchi moja, anamfunulia kitabu cha nyimbo... roho ikaniwaka.

Nikaitwa jina. Toka mikarafuuni.

Jirani yetu Bi Zuweina kila siku hutuonya: "Mwanangu, ukiitwa magharibi na mtu humuoni, usiitike." Mie hucheka. Sie tunasali kanisani, hayo yao.

"Naam?"

Akatoka Jaribu.

Karafuu zote zile mbele yangu, sikuzinusa tena. Nilinusa udongo mbichi... kama wa kaburi.

"Nisamehe," akanong'ona.

Mchungaji katufundisha, anayekuomba msamaha usimrudishe. Mdomo ukagoma.

"Kamwombe Mwanawema wako."

"Nisamehe, nikuachie."

"Uniachie nani?"

"Huyo huyo."

Hata nyenje wakanyamaza.

"Nimekusamehe," nikasema upesi, asije akaghairi.

Akacheka kidogo. Akarudi mikarafuuni kinyumenyume. Jani halikulia.

Jumapili, kabla ya Meza ya Bwana, kwetu mwenye ugomvi huvuka akampe mkono mwenzake. Jaribu akavuka, macho mekundu.

"Nisamehe, ndugu yangu."

"We vipi? Si ushaniomba juzi, pale kwetu?"

"Juzi ipi? Wiki nzima niko Mtambile, nachuma karafuu." Akaniinamia sikioni. "Nimerudi jana, Mwanawema hanitaki. Mama yake anasema juzi kaitwa nje magharibi, kaitika. Toka hapo hali, halali. Anataja jina lako tu."

Nikauchomoa mkono wangu.

Mlango ukalia. Mwanawema kasimama nje ya kizingiti, kanga kavaa ndani nje. Haingii. Ananitazama mie.

"Mleteni ndani aombewe," Mchungaji akasema.

Akiombewa, atapona. Akipona, atarudi kwa Jaribu.

Jaribu kageuka amfuate. Nikamsukuma, akaanguka kwenye benchi. Nikatoka mie. Nikamshika Mwanawema mkono, baridi kama samaki wa barafu, nikaurudisha mlango nyuma yetu.

Ndani wakaanza kuimba: Bwana, utuhurumie...

"Twende zetu," Mwanawema akaninong'oneza.

Kwa sauti ya Jaribu.