Cherehani Kwenye Albamu ya Kwanza

"Tumefunga!" Fundi alisema bila kuinua kichwa, shati la mteja likiwa mapajani.

"Mbona mlango uko wazi?"

Sauti hiyo! Moyo ulimlipuka paa. Miaka ishirini, lakini wapi, angeijua hata usingizini. Akainua macho. Alikuwa Radi, mpiga gitaa aliyekuwa na nywele hadi kiunoni. Sasa kichwa kilikuwa kipara kitupu.

"Makubwa! Nywele umemkopesha nani?"

"Zilikufuata uliponiacha."

Alitaka kucheka, akajikaza. Bendi ya Radi ya muziki wa hevi metali ilirekodi albamu yake ya kwanza humu humu dukani, magodoro yamesimamishwa ukutani kuzuia mwangwi, yeye akiwashonea makoti ya ngozi chumba cha pili. Sauti ya cherehani yake ikaingia kwenye wimbo wa kwanza. Radi akafoka mbele ya bendi nzima: "Futa hiyo kelele ya fundi!" Siku hiyo hiyo Fundi akamrudishia pete yake ya uchumba. Na albamu yenyewe Fundi hakuwahi kuisikiliza. Ikipigwa mahali, yeye huyo, anaondoka.

Simu ya Fundi ikalia. Ilikuwa meseji ya mdogo wake: "Dada, Radi anakuja huko. Nakuomba, usimfukuze. Msikilize tu."

"Kumbe mmepanga," Fundi alisema. "Unataka nini?"

"Jumamosi tunaipiga albamu ile yote jukwaani. Nimekuja kukuomba kitu."

"Anza na radhi."

Radi akasogea karibu. "Nisamehe. Niliona haya mbele ya wenzangu, nikakudhalilisha wewe uliyekuwa unatushonea bure."

"Miaka yote hii ndiyo unakumbuka leo?"

"Sikiliza kwanza."

Akaweka simu yake juu ya meza ya kukatia vitambaa, akabonyeza. Hakukuwa na gitaa wala ngoma. Ilikuwa cherehani peke yake, tak-tak-tak, ikisita kidogo kama anavyosita yeye akifika kwenye kona ya kola. Kisha gitaa likaingia taratibu, likifuata mwendo wa mguu wake.

Fundi akashika mdomo.

"Si ulisema ifutwe?"

"Nilisema. Kesho yake nikarudi kwa fundi mitambo aliyeturekodi, nikamwambia airudishe, tena iwe mwanzo kabisa. Nikakuletea kanda hapa."

Fundi aliikumbuka kanda ile. Aliitupa bila kuifungua. Kiburi jamani!

"Kila aliyenunua albamu yetu alikusikia wewe kwanza," Radi alisema. "Ni wewe tu hukujisikia."

Machozi yakamtoka, akayafuta kwa shati la mteja.

"Njoo Jumamosi uianzishe. Wewe na cherehani ile."

"Ile iko stoo. Imekatika mkanda wa gurudumu."

Radi akachomoa mkanda mpya mfukoni.

"Wee! Ulijua nitakubali?"

"Sikujua. Nilijua tu ule wa zamani haujapona. Hata enzi zile ulikuwa unateleza."

Fundi akacheka, kicheko kile cha zamani. Wakaitoa cherehani stoo, wakaipangusa vumbi. Radi akapiga magoti kufunga mkanda. Alipoinuka, akashika hewani gitaa lisilokuwepo, kama yuko jukwaani, na kungoja.

"Hesabu basi tuanze," Fundi alisema, mguu juu ya pedeli.

"Siku hizi nakufuata wewe."

Akakanyaga.