Mabega ya Barabara ya Chinyika

Asubuhi Dodoma ilipochangamka, mashine iitwayo Mchoranjia ilikuwa kazini. Mistari ya barabara haikuwa rangi tena. Ilikuwa nuru iliyolala juu ya lami, na mashine ile iliihamisha ilivyoona vema. Njia nane zilielekea mjini, nne zikatoka. Gari la wagonjwa lilipochomoza, nuru ilijigawa, njia mpya ikafunguka kilomita nzima mbele yake. Mhandisi Nyemo Chilongani aliiunda mwenyewe, na bado ilimsisimua mwili.

Siku hiyo ilijaribiwa vijijini kwa mara ya kwanza, katika barabara ipitayo Chinyika, kijiji alichozaliwa. Saa sita angeweka kidole kwenye kishikwambi chake kuithibitisha, na baada ya hapo mkono wa mtu usingeigusa kwa miaka kumi. Barabara ya huko ilikuwa na njia mbili tu, ya kwenda na ya kurudi, na mabega mapana ya lami pande zote. Mjini mabega hukaa bure, kwa hiyo Nyemo aliifundisha mashine kuyaita "nafasi tupu".

Alipofika alikuta njia sita zinang'aa ukingo hadi ukingo, magari yakiteleza bila kelele. Uzuri ulioje!

Kisha akamwona Damari, shangazi yake, kasimama majanini na bakuli la uji.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mtama tulioanika begani umepeperushwa wote. Hilo tuliache. Wifi yangu Perisi yuko ng'ambo ya barabara, mgonjwa, hawezi hata kuinuka, nami navizia pa kuvuka tangu alfajiri."

Aibu ilimshika Nyemo. Kwenye mabega hayo ndiko alikojifunzia kutembea, ndiko walikopita waendao kuzika. Naye kayaita matupu, mwana wa Chinyika mzima!

Akaiamuru mashine kupitia kishikwambi chake: "Rudisha njia mbili. Mabega ni njia za watu. Na mtu akitaka kuvuka, simamisha magari."

"Avuke kwa kasi gani?" iliuliza Mchoranjia.

"Kasi ya Shangazi Damari."

"Kipimo hicho sikijui."

"Basi mtazame ujifunze."

Nuru ikajikusanya. Magari mia nne yakasimama kimya hadi macho yalipokoma. Nyemo hakuwahi kuona ajabu kama ile.

Damari akaingia barabarani polepole. Katikati akakutana na jirani wa Perisi, akija kutoka ng'ambo. Wakasimama. Wakasalimiana kama ilivyo ada yao: habari za nyumbani, za watoto, za mbuzi, neno kwa neno, bila kuruka hata moja. Salamu zilipokwisha ndipo jirani akasema, "Perisi ametutoka. Saa nne asubuhi hii."

Bakuli likaanguka.

"Saa sita kamili," Mchoranjia ilisema. "Naomba kidole. Na hawa wamesimama dakika tano sasa. Niendelee kujifunza?"

"Kidole sitoi," Nyemo alijibu, machozi yakimtoka. "Jifunze." Akaingia barabarani kumshika shangazi yake.