Ukungu Nyuma ya Mchezaji

Kwanza ulikuwa mkia mdogo tu wa kivuli. Mchezaji wa mpira akikimbia kwenye skrini, nyuma yake hubaki ukungu, kama moshi wa udi unaochelewa kutoka chumbani.

"Chande, skrini yako ina zimwi," alicheka Harrison, dereva wa bodaboda aliyekuwa akija kucheza gemu kila mchana. "Si ulituambia hii ni ya kasi, haiachi kivuli?"

Chande hakucheka. Ukungu ule alikwisha kuuondoa mwezi uliopita, papa hapa katika kibanda chake cha gemu, Ukunda. Siku ile mkewe, Mwanarusi, alimpigia simu kutoka hospitali ya Msambweni: Twaiba, binti yao wa miaka tisa, amwita babake. Macho ya Chande yalikuwa kwenye skrini. "Napunguza ukungu kidogo, naja," alisema. Alipofika, mtoto alikuwa ameshafunikwa shuka.

Sasa akafungua tena pale pa kurekebishia skrini. Dawa ya ukungu ni giza: skrini huzimika na kuwaka baina ya picha na picha, upesi hata jicho lisitambue. Akaongeza giza hatua moja. Kibanda kikanuka karafuu maiti. Akaongeza ya pili, na kivuli badala ya kufutika kikazidi kuwa wazi, kikapata miguu, kikapata mtandio, kikawa mtoto wa kike anayemkimbiza mchezaji uwanja mzima asimfikie, mpaka Harrison akaiweka padi ya kuchezea chini taratibu, akatoka bila viatu.

Mwanarusi alipopata habari alikuja, akasimama mlangoni, leso mdomoni.

"Ndiye," alinong'ona. "Baba Twaiba, usimfute."

"Si yeye, mke wangu."

"Wajuaje? Wewe hukuwapo."

Chande akaenda kumwita Maalim Dzombo, aliyejulikana kwa kutoa majini.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba," alijibu Maalim, akaja kibandani, akaitazama skrini. "Mwanangu, maiti hakai ndani ya kioo. Huyo ni jini, amevaa sura ya mtoto kwa kuwa mnamlilia. Nikimtoa, hapo pa giza msipaguse tena. Twaiba muombeeni dua, yamtosha."

Akafukiza, akasoma Ayatul Kursi mara saba. Skrini ikawa safi. Mwanarusi akarudi nyumbani akilia upya, kama siku ya mazishi.

Chande angeliachia hapo, Mola angelimhifadhi. Lakini Ijumaa, wenzake walipokwenda msikitini, Chande, ambaye tangu msiba ule hakutoa chozi mbele ya mtu, alijifungia kibandani, akaongeza giza hatua moja, akaongeza ya pili, akijiambia ni mara hii tu, amwone, amtake radhi, kisha atazima na atatubu, na harufu ile ikarudi, na mtoto akatokea, safari hii hamkimbizi mtu, amesimama katikati ya uwanja mtupu, akija mbele, akikua, hata kiganja chake kidogo kikaegemea kioo kwa ndani.

"Twaiba," Chande alisema kwa kwikwi, "nisamehe, mwanangu. Njoo kwa baba."

Midomo ya mtoto ikafunguka. Sauti iliyotoka ilikuwa ya Chande mwenyewe.

"Napunguza ukungu kidogo," ilisema. "Naja."